Shimo Lisilojaa

Afande Leso alishushwa kisimani kwa kamba saa moja na nusu asubuhi, kabla chai haijakaa vizuri tumboni, na jambo la kwanza alilolifanya kule chini lilikuwa kuirudisha hiyo chai ulimwenguni.

"Afande!" Koplo aliita kutoka juu, kichwa chake kimeziba nusu ya anga. "Umeona kitu?"

"Nimeona chai yangu. Shusha tena kidogo. Polepole basi, mimi si gunia."

"Gunia lingekuwa limenyamaza, afande."

Kituoni walimwita Leso kwa sababu leso haikubanduka puani mwake. Alikuwa na miaka kumi na miwili katika upelelezi na ameshafunua maiti za kila namna bila kupepesa jicho, lakini kikombe kisichosuguliwa kilimsisimua mwili mzima. Mama yake alikuwa akisema huyu mtoto angeolewa na sabuni tu, mambo yangeisha. Sasa, kwa mzaha ambao alishuku Mkuu wa kituo aliupanga makusudi, kesi ya mavi ilikuwa imemwangukia yeye.

Na kesi yenyewe haikuwa ya kuchekea. Kwa wiki mbili watu wa mtaa wa chini, waliokuwa wakichota maji ya kisima hiki, walikuwa wakitapika na kuharisha mpaka macho yakarudi ndani. Kumi na wanne walikuwa wamelazwa zahanati. Jumamosi, binti wa fundi cherehani, wa miaka minne, mkubwa wa watoto wake wawili, akafa. Jumapili mtaa ukampata mkosaji bila hata kumtafuta: mtapisha vyoo, mzee mchota mavi waliyembandika jina la Marashi kwa kumkejeli. Mtu mmoja alimwona alfajiri ameinama kisimani na ndoo. Hiyo ikatosha. Mkokoteni wake ukachomwa moto, na kama Koplo asingefika na gari, mwenyewe angefuatia.

Leo, Jumanne, saa kumi alasiri, gari la magereza lingekuja kumchukua Marashi kama mahabusu wa kesi ya mauaji. Mkuu wa kituo alisema wazi, "Ukipata cha kunionyesha kabla ya saa kumi, nionyeshe. Usipopata, anakwenda." Wote wawili walijua maana ya "anakwenda". Mzee wa miaka sitini na tano, hana wakili, hana ndugu wa kumsimamia, kwenye selo ya watu themanini walioshasikia kwamba huyu ndiye aliyeua mtoto kwa mavi. Asingefika wiki.

Basi Leso akaning'inia, tochi mkononi, leso usoni, akaanza kusoma ukuta.

Juu lilikuwa jiwe moja nene la njano, refu kumpita mtu, lenye ufa mmoja tu uliosimama wima. Chini yake ulikuja udongo wa mfinyanzi wa rangi ya kijani cha kijivu, kama mita moja hivi, mlaini, umejaa vigamba vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Ule ufa wa juu ulishuka mpaka kwenye udongo, ukaishia pale pale, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Na chini ya udongo, mambo yalibadilika. Yalikuwa mawe membamba yaliyopangana, kila moja unene wa shubiri, yamepasuka-pasuka kila baada ya shubiri, nyufa zimenyooka kana kwamba zimepigwa rula.

Kutoka kwenye nyufa hizo, upande wa macheo peke yake, kulikuwa kunatoka kitu.

Alisogeza tochi. Kilikuwa cheupe, kinateleza, kimegandamana kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa kwenye sufuria siku tatu. Akakigusa kwa glavu. Ndani yake mlikuwa na nywele. Fupi, ngumu, za kahawia. Harufu ikapita kwenye leso kama vile leso haikuwepo, tamu na nzito, harufu ya kitu kilichokuwa hai na sasa kinakasirika.

"Nipandishe," alisema.

"Umesemaje?"

"NIPANDISHE!"

Juu alikaa chini akatapika mara ya pili, safari hii bila chai. Fundi cherehani alikuwa amesimama pembeni, tepu ya kupimia bado shingoni, macho mekundu. Tangu Jumapili hakuwa ameondoka karibu na kisima.

"Afande, mnatafuta nini humo?" aliuliza. "Mtu si mnaye ndani?"

"Pole sana, fundi." Leso alifuta mdomo. "Hebu nitazamie huu ukuta wa juu, toka ukingoni mpaka kwenye udongo. Mkavu, msafi. Ndoo ya mavi ikimwagwa toka juu, itafika chini bila kupaka ukuta?"

Fundi alisogea ukingoni. Aliutazama ukuta, kisha akatazama pembeni. Koplo naye alikuwa ameinua kichupa cha ushahidi kwenye jua, anakigeuza-geuza.

"Afande, kwani mavi ya mtu yana nywele?"

"Ya kwako siyajui."

*

Marashi walikuwa wamemfungia peke yake kwenye chumba cha kuwekea mafagio, kwa sababu mahabusu wengine walikataa kukaa naye. Hao wengine, Leso aliwapita wakinuka jasho, soksi na mikojo. Alipofungua mlango wa mafagio alisita. Mzee alikuwa ananukia sabuni. Kucha zimekatwa fupi, shati limepigwa maji na kunyooshwa kwa kiganja. Katika kituo kizima, akiwemo Mkuu, huyu ndiye mtu pekee ambaye Leso angekubali kunywea kikombe chake.

"Shikamoo, mzee."

Alishtuka kwa kuamkiwa. "Marahaba, mwanangu."

"Alfajiri ile, kisimani, ulikuwa unafanya nini?"

"Nachota maji. Nikija mchana wananifukuza, wanasema nanajisi maji yao. Ndoo ya maji ni ile ya bati. Ya kazi ni ya plastiki nyeusi, na haijawahi kuvuka mlango wangu."

"Maji yale yale unakunywa?"

"Nakunywa."

"Watu kumi na wanne wako zahanati, na wewe huna hata tumbo la kuuma. Wenzako wanaliona hilo kama ushahidi."

Marashi alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wa mwisho darasani. "Mimi nayajua mavi, afande. Nachemsha."

Leso aliandika hilo. Kisha akageuza ukurasa. "Meneja wa machinjio ametoa maelezo. Anasema ulikuwa unatapisha shimo lao la damu, akakuachisha mwezi uliopita, ukaondoka na hasira. Ndiyo sababu yako ya kulipiza kisasi."

"Hasira?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, nilisujudu! Choo cha watu ni kazi. Lile shimo ni adhabu. Kila miezi miwili nilitoa humo mikokoteni thelathini, damu iliyoganda kama maini, matumbo, manyoya. Nikirudi nyumbani hata mbu walikuwa wananikimbia. Aliponiambia basi, sihitajiki, nilichinja kuku."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema shimo siku hizi halijai."

Kalamu ya Leso ikasimama.

"Halijai vipi?"

"Ndivyo alivyosema. Nami nikajiuliza njia nzima, kwani ng'ombe wa siku hizi hawana damu?"

*

Kama unataka kujua habari za mawe kwenye mji ule, usiende ofisi yoyote; nenda kwenye mkato wa barabara, pale kilima kilipokatwa kama keki, umuulize Bibi Kokoto. Miaka arobaini alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile akivunja mawe kuwa kokoto za kujengea. Mikono yake ilikuwa mipana kama masepetu, na mdomo wake haukuwa na lango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekuwa kijani? Una mimba?"

"Nimetoka kisimani."

"Afadhali ingekuwa mimba." Alimsogezea jiwe la kukalia. "Haya, sema."

Leso alielekeza kidole kwenye ukuta wa mkato. Matabaka yalikuwa yale yale aliyoyaona kisimani, yamejipanga kwa mpangilio ule ule: jiwe nene la njano, udongo wa kijani, mawe membamba. "Bibi, kwa nini hili la juu lina ufa mmoja mmoja, na haya ya chini yamepasuka kila mahali?"

"Kwani mimi nilikuwepo yalipopasuka? Ila tabia zake nazijua. Jiwe nene, nyufa zake huachana. Ufa mmoja huu hapa, mwenzake mpaka kule kwenye kichaka. Kulivunja unatoa jasho wiki nzima. Jiwe jembamba, nyufa zake hukaribiana. Pima uone. Unene shubiri, ufa kila shubiri. Unene nusu shubiri, ufa kila nusu shubiri. Ndiyo maana mimi navunja haya. Yameshajivunja yenyewe, mimi namalizia tu."

Leso alipima kwa rula ya Koplo. Ilikuwa kweli, au karibu sana na kweli.

"Na hili jembamba lenye mchanga mkubwa?"

"Hilo linavumilia. Ufa ukilipita unapinda-pinda, unazunguka chembe. Lakini hili gumu, laini kama sahani, likipasuka linapasuka moja kwa moja, huwezi kuingiza hata maneno."

"Na udongo huu wa kijani?"

Bibi Kokoto alimega kipande, akakitemea mate, akakifinya kikawa soseji, akakipinda kikapindika. "Huu haujui kupasuka. Ukiuvuta unakubali, ukiusukuma unakubali. Kama mume wangu wa pili. Ufa ukitoka juu ukifika hapa, unakufa. Ukitoka chini, unakufa. Cha juu hakishuki, cha chini hakipandi."

Koplo alicheka mpaka akashika ukuta. Leso hakucheka, alikuwa anachora.

"Na hizi nyufa za chini, bibi, zinaelekea wapi?"

"Ndefu zote zinaelekea upande mmoja. Zinazozikatiza ni fupi fupi, hazifiki popote." Bibi aliinua nyundo akanyoosha mkono, jicho moja kalifumba kama mwindaji. "Kutoka kwenye mnara ule wa simu, kwenda kule juu. Hata babu aliyenifundisha kazi alikuwa akiketi kwa kuzifuata, ili jiwe lipasuke likimkimbia, lisimjie usoni."

Leso alisimama. Akafunga daftari. Bibi Kokoto akamshika upindo wa suruali.

"Huyo mzee mliyemfunga," alisema, sauti imeshuka, "akija kununua kokoto zangu kwa ajili ya vyoo vya watu, anasalimia toka mbali na anasimama upande upepo unakokwenda. Asinisumbue na harufu. Watu wa mji huu wenye adabu hiyo nawahesabu kwa mkono huu, na mkono huu una vidole vinne."

*

Walirudi kisimani, wakaweka dira ya simu juu ya ukingo, wakaufuata mstari wa nyufa kupanda kilima, Koplo mbele akihesabu hatua. Hatua mia tatu, wakafika nyuma ya shule.

"Vyoo vya shule!" Koplo alipiga kofi. "Afande, tumemaliza. Watoto mia sita wenye afya njema!"

Leso aliziba pua akaomba mti mrefu. Mlinzi wa shule akauleta, wakautumbukiza kwenye shimo la nyuma. Ulizama mita mbili ukagota. Wakautoa, na Leso akalazimika kuitazama ncha yake, jambo ambalo asingemwombea hata Mkuu wa kituo. Ncha ilikuwa na chembe za jiwe la njano.

"Shimo limeishia kwenye jiwe nene," alisema kwa sauti ya puani. "Halijafika hata kwenye udongo. Kizibo kiko salama chini yake. Na hakuna mtoto wa shule hii mwenye manyoya ya kahawia."

"Kuna mmoja nilimwona…"

"Tembea, Koplo."

Hatua mia nane toka kisimani, mstari ukagota kwenye ukuta wa machinjio.

Nje ya ukuta, hatua thelathini tu pembeni ya mstari, mlinzi wa machinjio alikuwa na kisima chake. Leso alikichungulia, akakinusa, akamuuliza mlinzi kuhusu watoto wake. Wote wazima, wanarukaruka. Kisima jirani na damu kilikuwa safi, na kisima cha mbali ndicho kilichokuwa kikiua. Mtu asiyejua mawe angesema huu ni uchawi. Leso aliandika kwamba nyufa ndefu hazikipitii, akapiga mstari chini ya alichoandika, akaingia ndani.

Harufu ilimpokea getini. Ilikuwa ya damu mbichi juu, ya samadi katikati, na chini kabisa ya kitu kilichosahauliwa. Nzi walikuwa wengi mpaka sakafu ilionekana inapumua.

"Karibu mama, karibu sana!" Meneja alitoka akiwa na shati jeupe pee, amejimwagia manukato yaliyoshindana na samadi na kushindwa. Alimpa mkono. Mkono ulikuwa laini na una unyevu, na Leso aliufuta wake kwenye suruali bila kujificha. "Twende ofisini. Ni mpya, ina feni. Chai? Au maji? Yangu ni ya chupa. Siwezi kunywa haya ya visima, unajua watu wetu walivyo wachafu."

Ofisi ilikuwa na kuta mbichi, bado hazijapigwa plasta. Kwenye moja kilining'inia cheti ndani ya kioo. Leso alikisoma chote, mpaka muhuri. Kilisema shimo la maji taka ya machinjio lina sakafu ya asili ya udongo wa mfinyanzi, unene wa mita moja, usio na nyufa. Lilijazwa maji kwa majaribio, likakaa siku saba bila kupungua hata kidole.

"Cha miaka saba iliyopita," alisema.

"Na bado kinafanya kazi," Meneja alitabasamu.

"Marashi alikuwa analitapisha kila miezi miwili. Ulipomwachisha, ulimweka nani?"

"Hakuna. Halijai siku hizi."

"Mnachinja wachache?"

"Wachache? Tumeongeza! Zamani ishirini kwa siku, sasa thelathini na tano. Mtaa wote huu unakula kwangu."

"Ng'ombe wameongezeka. Damu imeongezeka. Shimo halijai."

"Tulilipanua, mama," Meneja alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Ndiyo maana."

"Kwa upana?"

"Pembeni kuna jiwe gumu. Kwenda chini."

Nzi mmoja alitua kwenye ukingo wa kikombe cha chai, akanawa mikono, akaingia. Leso alihamisha macho haraka kwenye ukuta. Hapo ndipo alipoyaona matofali. Yalikuwa na rangi ya ajabu, nyekundu iliyochanganyika na kijani kama nyama iliyolala. Akasogea, akakwangua moja kwa ukucha. Ndani ya tofali mlikuwa na vigamba vidogo, kama kucha za mtoto mchanga.

"Matofali mazuri," alisema, bila kugeuka. "Mmeyatoa wapi?"

"Hapa hapa!" Meneja alipiga ukuta kama anayempiga ng'ombe mgongoni. "Tulipochimba kwenda chini tulikuta udongo safi ajabu. Mzima, haujapasuka hata mstari mmoja. Ningeutupa? Mtu mwenye akili hatupi kitu. Niliita wafyatua matofali, wakachukua wote."

"Wote?"

"Mpaka wakagota kwenye mawe. Ofisi, ukuta wa nyuma, na kibanda cha walinzi vyote vimetoka humo."

Feni ilizunguka. Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifunga mdomo wake taratibu.

"Meneja," Leso alisema, "umekaa ndani ya kizibo."

"Nini?"

"Kizibo cha shimo lako. Umekijengea ofisi. Chini ya ule udongo kuna mawe membamba yaliyopasuka kila shubiri, nyufa zake zote zinateremka kuelekea mtaa wa chini. Shimo halijai kwa sababu linanywewa. Na wanaolinywa unawajua, wako zahanati."

"Lakini cheti…"

"Cheti kinazungumzia sakafu. Sakafu iko ukutani."

Tabasamu la Meneja halikuondoka. Lilibaki peke yake usoni, kama kiatu kilichosahauliwa barabarani. Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti, na Leso akapata pumzi yake, peremende juu ya kitu kilichooza.

"Mama, tuongee kama watu wazima. Hiyo ni nadharia ya mawe. Mtaa ulikuwa na hasira, umepata mtu. Tena mtu gani? Mtu ambaye hata akifa, hakuna atakayeona tofauti isipokuwa vyoo. Watu wameridhika. Kuna ubaya gani kuwaacha waridhike?"

Leso alivuta leso usoni, ingawa safari hii pua haikuhusika. Alipiga simu kituoni pale pale, akieleza kila kitu. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri sana," Mkuu alisema. "Ila mawe hayapandi kizimbani. Nina mtaa mzima wenye mashoka, na wewe una tofali. Niletee kitu ambacho hata mjinga atakiona. Gari halitasubiri."

*

Saa nne kasorobo, Leso alisimama mbele ya fundi cherehani.

"Una rangi ya kutia nguo? Kali, ile isiyotoka?"

"Ya bluu ipo. Ya nini?"

"Nataka kuimwaga machinjio, kwenye shimo lao. Kisha wewe ukae hapa uchote, kila robo saa. Kama mpaka saa kumi maji hayajabadilika, nitafunga jalada la Marashi kwa mkono wangu mwenyewe."

Fundi alimtazama. "Unataka kumtoa."

"Nataka kujua. Na wewe unataka kujua. Usinidanganye, nimekuona ulivyoutazama ule ukuta."

Aliingia dukani kwake. Alitoka na pakiti zote alizokuwa nazo, kumi na mbili, na beseni, na fimbo ya kukorogea. Aliikoroga mwenyewe mpaka mikono ikawa ya bluu hadi viwikoni. "Isije ikasemwa niliwapa kidogo," alisema.

Koplo aliimwaga saa nne na dakika ishirini mbele ya Meneja, na mabomba ya kuoshea sakafu yakafunguliwa yote. Shimo lilimeza rangi, damu na maji bila hata kucheua.

Kisha kukawa na kungoja. Fundi alichota saa tano, maji meupe. Saa sita, meupe, na mafuta yake juu. Watu wakaanza kukusanyika na kukaa vivulini. Saa nane mtu mmoja akauliza kwa sauti kama polisi wa siku hizi wanalipwa kwa kucheza na rangi. Saa tisa Mkuu alipiga simu: gari limewahi, wanajaza fomu. Leso alimtuma Koplo kituoni. "Vunja kalamu zao. Mwaga wino. Jifanye umepata kifafa."

"Kifafa cha muda gani, afande?"

"Cha saa nzima."

Saa tisa na nusu, maji meupe. Leso alikuwa amekaa juu ya ukingo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa amesahau leso yake mahali. Nyufa zilikuwa zimenyooka, udongo ulikuwa umetolewa, mstari ulikuwa mstari. Lakini chini kule huenda kulikuwa na jiwe moja nene limekaa vibaya, au ufa mmoja umejaa tope, na mzee angepanda gari kwa ajili ya tope.

Saa tisa na dakika arobaini, fundi alivuta kamba. Akaiweka ndoo chini. Akachovya kiganja, akakiinua, akakilinganisha na mkono wake mwingine.

Maji yalikuwa ya bluu. Hafifu, kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na kanga mpya, lakini bluu. Na juu yake yalielea yale mafuta, na ndani ya mafuta, nywele.

Mwanamke mmoja aligeuka akaanza kutapika, na Leso akajikuta anamshika mgongo.

"Nilimpa mwenyewe," fundi alisema polepole. "Alikuwa na homa. Kila akilia kiu, nilichota hapa, nikampa."

Leso aliichukua ndoo, akaifunika, akaanza kukimbia, na fundi akakimbia pamoja naye.

Walikuta gari linanguruma uani. Koplo amelala kifudifudi mbele ya gurudumu, anatetemeka kwa ufundi wa hali ya juu, huku askari magereza wawili wanabishana kama wamvute au wampepee. Marashi alikuwa amesimama na pingu, mguu mmoja kwenye ngazi ya gari. Mkuu alitoka. Leso akafunua ndoo chini ya pua yake. Mkuu alitazama, akameza mate, akafunika mdomo kwa kofia.

"Nimeona," alisema. "Toa hicho kitu hapa. Mfungueni mzee. Koplo, amka, unatuaibisha. Chukua watu watatu ukamlete Meneja, na mje na tofali moja la ofisi yake."

Pingu zikafunguka. Marashi akasugua vifundo vyake, akasimama pale uani bila kujua aende upande gani. Fundi cherehani alisogea. Ndiye aliyewasha kiberiti kwenye mkokoteni, na wote watatu walijua. Alinyoosha mkono, wa bluu mpaka kiwikoni, unadondosha maji ya kisima.

Marashi aliutazama ule mkono. Hakuushika.

"Kanawe kwanza, fundi," alisema. "Kwa sabuni, mara mbili, mpaka chini ya kucha. Bado una mtoto mwingine nyumbani."